Aliyejibu Swali

"Sema mbele ya bantu," Feza alimwambia Madeleine, amejaa mlangoni kwa jirani yake huyo na nusu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, inasikiliza. "Look after ni nini?"

"Ni kulea. Kulisha, kuogesha, kukesha na mutoto akiwa na homa."

"Kule Lilongwe, madame wa biro aliuliza nani analea mutoto wa marehemu mudogo wangu. We njo ulikuwa unanitafsiria. Ulimujibu nini?"

Madeleine alifuta mikono kwenye kitenge. "Nilimujibu ni mi."

Majirani wakaguna. Feza ndiye aliyembeba yule binti mgongoni kutoka Uvira, Kongo, na siku ile ofisini, asijue Kiingereza, aliitikia kwa kichwa kila neno la Madeleine, akimshukuru kwa kumtafsiria. Sasa jina la mtoto lilikuwa kwenye karatasi ya Madeleine ya kuhamia Kanada, mtoto mwenyewe alikuwa ameshapelekwa kukaa kwake, na Ijumaa wawili hao wangepanda ndege.

"Karatasi yako haiko na safari, Feza," Madeleine alisema, mara hii kwa sauti ya chini. "We ungemupeleka wapi?"

Feza alichungulia ndani, akimtafuta mtoto.

Mtoto akatokea nyuma ya Madeleine, ameshika tonge la nsima, ugali wa huku. Katikati ya tonge kulikuwa na kishimo cha kuchotea mchuzi, kimebonyezwa kwa kidole gumba, vilevile Feza alivyomfundisha.

"Mama mukubwa," alisema kwa adabu, kama anayempokea mgeni, "karibu ndani. Sisi tunakula."