Bonge la Machi

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba, Zulmira aliinjika sufuria ya mahindi, akatoka nje kabla mumewe hajaamka. Mabonge sita ya chumvi yalikuwa bado juu ya ubao alipoyapanga jana jioni, moja kwa kila mwezi, Januari hadi Juni. Bonge likilowa umande, mwezi wake una mvua.

Yote yalikuwa makavu.

Mumewe alishasema kwamba yakikauka na mwaka huu, wanaondoka huku bara, wanakwenda São Paulo kwa kaka yake. Mizigo ilikuwa imefungwa.

Zulmira aliinama akalilamba bonge la Machi polepole, pande zote, mpaka ulimi ukaanza kuchonyota.

"Vipi?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Njoo uone mwenyewe."

Alikuja, akalibonyeza kwa kidole gumba. Akakitazama kidole.

"Machi," alisema. "Basi hatuendi. Na yale mahindi usiyapike tena, ndiyo mbegu hayo."

Chakula kingine hakikuwamo ndani. Zulmira aliwasikia watoto wakiamka, akaenda kuipua sufuria.