Mstari Mweupe wa Kimeli

"Usiguse huo mstari," Kimeli alimwambia binti yake, lakini binti alikuwa tayari ameinama juu ya injini ya pikapu, spana mkononi.

Ulikuwa mstari mwembamba wa rangi nyeupe kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwenye injini. Kimeli aliuchora mwaka wa sabini na nne, siku alipoweka taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, kwa sikio lake mwenyewe. Miaka thelathini na miwili sasa, hakuna fundi mjini Litein aliyethubutu kuusogeza.

"Baba, petroli ya siku hizo ilikuwa na madini ya risasi. Hii mpya haina, inawaka mapema. Ndiyo maana injini inagonga ikipanda mlima."

Kimeli akageuka, akatazama shamba la chai.

Binti akalegeza bolti, akairudisha distribyuta nyuma upana wa ukucha tu, akakaza.

Wakapanda kilima na magunia sita ya majani mabichi. Kimeli aliendesha akiwa ametega masikio, akiungoja ule mlio wa kokoto ndani ya debe. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, ambapo pikapu ililia kila siku, injini ilinguruma kama fahali aliyeshiba.

Kwenye kituo cha kupimia majani, wakulima kwenye foleni, waliouzoea mlio wa pikapu hiyo, wakamzunguka. Nani ameitengeneza?

Kimeli alishuka. Alifungua boneti, akaukwangua mstari wake kwa ukucha wa kidole gumba, bila kujali joto, mpaka ukaisha wote.

"Rangi iko chini ya kiti," akamwambia binti yake, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Chora wako."