Tisini na Tisa

Dodoso la mwisho lilimfikia Tunu ofisini wakiwa wamebaki yeye na msimamizi wake, Mhina. Swali la kumi na mbili liliuliza: una imani kiasi gani na tume ya uchaguzi? Majibu yalikuwa moja hadi tano. Mama aliyehojiwa hakuchagua namba. Mdodosaji aliandika maneno yake pembeni: "Nitajibu mkinirudishia mwanangu Sudi. Alikwenda kupiga kura, hajarudi."

"Mpe tisini na tisa," Mhina alisema akifunga mkoba. "Amekataa kujibu."

"Hajakataa, kaka. Amejibu kuliko wote elfu mbili."

"Kompyuta haina kisanduku cha majonzi, dada yangu. Weka tisini na tisa."

Tunu aliijua hiyo tisini na tisa. Programu huzitupa zote kabla ya kukokotoa wastani, kisha magazeti huandika kwamba wananchi wana imani, kama yalivyoandika mwaka ule wapiga kura walipopigwa risasi.

Mhina alipoondoka, Tunu aliacha kisanduku kitupu, akapiga namba ya simu ya mama huyo, iliyoandikwa chini ya dodoso kwa ajili ya uhakiki. Hakujua angesema nini. Simu ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Sudi," sauti ya mama ilisema, "uko wapi, baba?"