Dakika Arobaini

"Lala, Profesa," alisema Bi Saumu, akikipigapiga kitanda cha kamba kilichompeleka binti yake kujifungua, kisha kikamrudisha maiti.

Utafiti wa Profesa ndio ulioifanya serikali iifunge zahanati ya kijiji, maana hospitali ya mjini ilikuwa dakika arobaini tu. Alizipima kwa gari, wakati wa kiangazi. Leo, mbele ya waziri aliyekuja kusikiliza malalamiko, aliona haya kukataa kubebwa hadi huko kama wanavyobebwa wajawazito.

Wanawake wanne wakamnyanyua, mvua ya masika ikiwanyeshea. Bi Saumu akamvua saa ya mkononi.

"Nikutunzie, baba, isilowe."

Mtoni maji yaliwafika kiunoni. Kitanda kikayumba, Profesa akazing'ang'ania kamba.

"Nishusheni, mama! Nawasihi!"

"Na binti yangu alituomba hapa hapa."

"Dakika ngapi sasa?" waziri alipaza sauti kutoka ukingoni.

Bi Saumu aliitazama saa. Arobaini zilishapita, na hata paa la hospitali halijaonekana. Akaivaa mkononi mwake, akaikaza.

"Polepole, jamani," aliwaambia wenzake. "Huyu hana mtoto tumboni."

Maji yalikuwa yakizidi kupanda.