Dakika Mbili za Mama

Fundi Sefu alikuwa na diski mbili mezani. Moja ilikuwa kuukuu, alitaka kuisafisha aiuze. Nyingine ilikuwa ya Kichane, aliyekuja ili anakiliwe sauti ya marehemu mama yake iliyokuwa humo. Zilikuwa dakika mbili tu, mama akigomba jikoni: "Zima hicho kidude, uji unamwagika!" Hakuwa nayo mahali pengine.

Umeme ulikatika. Uliporudi, Sefu alizichomeka diski upya bila kuangalia ipi imetangulia, na kompyuta ikazibadilishia herufi za kuzitambulisha. Aliandika amri yake ya kila siku ya kufuta, mstari mmoja, akabonyeza.

"Tayari."

"Mara hii?" Kichane alicheka. "Mimi sahani moja tu naosha muda mrefu kuliko huo."

"Hizi hazifutwi polepole, dada. Unaiambia diski vyumba vyake vyote ni vitupu, nayo inakubali."

Kisha akasoma jina la diski kwenye kioo, akalisoma tena.

"Fundi, kuna nini?"

"Nimefuta yako."

"Basi irudishe."

"Zile za zamani, za kuzunguka, ningejaribu. Hii haizunguki; kilichofutwa hakirudi. Nisamehe, dada yangu."

Kichane alinyoosha mkono, naye Sefu akaichomoa diski, akampa. Ilikuwa ingali na joto. Akaiweka sikioni kama simu, akafumba macho.

Sefu alimtazama. Akainuka taratibu, akazima feni iliyokuwa ikivuma juu ya meza.