Roho Tisa

Nyumba yetu iliruhusiwa roho tisa: mimi, mume wangu, mama mkwe wangu Bi Zamoyoni, na samaki sita. Zikizidi, anayechukuliwa na wakaguzi ni mtu mwenye umri mkubwa zaidi nyumbani. Konokono walioingia na majani ya tangi la samaki nao walihesabiwa, na taa ya ukutani ikawa nyekundu.

Nilitumbukiza kipande cha tango kuwanasa, nikawatoa mmoja mmoja.

“Amebaki mmoja tu, mama,” nilimwambia mkwe wangu, aliyejilaza kwenye kochi.

“Usijisumbue, mwanangu. Atatoka mwenyewe.”

Wakaguzi walipopiga hodi, taa ikageuka kijani.

“Umeona, mama? Tumepona!”

Hakuitika. Nikaenda kulitoa tango. Konokono wa mwisho alikuwa bado amelishikilia, anatafuna taratibu.