Chaza Arobaini na Wawili

"Pauline, wale chaza umekula?" Jepkorir aliuliza kwenye simu, hata salamu hakuna.

Pauline alicheka. Alikuwa Kitale kwa wakwe zake, mbele ya sahani ya mukimo iliyojaa pomoni, mama mkwe akimkodolea macho ahakikishe anamaliza. Chaza hata mmoja hakuonja. Wote alikuwa amempelekea mama yake mzazi, Phelista, kule Ndalu.

"Basi mpigie saa hii! Yale maji ya hori walikovuliwa tumeyapima. Dinoflajeleti wamejaa, bana, sijawahi kuona hivyo. Hata chaza mmoja ni hatari."

Kijiko kilimponyoka. Yeye na Jepkorir walifanya kazi katika maabara moja ya pwani, na kazi yenyewe ilikuwa kuwachunguza viumbe hao wa baharini, wadogo kiasi kwamba huwaoni bila hadubini. Chaza huwachuja majini akawala, na sumu yao ikabaki mwilini mwake. Yeye haimdhuru. Haina harufu, haina ladha, na hata ukipika haitoki. Atakayemla chaza huyo huanza kuwashwa midomo, vidole vikafa ganzi, kisha pumzi ikakata. Dawa yake hakuna, labda mgonjwa awahishwe kwenye mashine ya kupumulia.

Na aliyewapeleka chaza hao Ndalu ni Pauline mwenyewe, ndani ya kasha la barafu, akijisifu njia nzima.

Mama yake alikuwa amemsumbua mwezi mzima. Phelista ni mtu wa Bungoma hasa. Herufi L ilimshinda tangu darasa la kwanza, na Pauline alishazoea.

"Uniretee chaza, mwanangu," alisema kwenye simu. "Za kura. Kuna mkutano wa akina mama wa kanisa. Arobaini na mbiri, moja kwa kira mtu. Isizidi hata moja."

"Chaza mmoja kwa mtu mzima, Mama? Si watakucheka!"

"Kura ni mara moja tu, basi. Nataka kitu ambacho hapa Ndaru hakipatikani hata ukiwa na pesa."

Pauline alifurahi kupita kiasi. Mama huyu huyu, alipomtembelea pwani, aliwekewa chaza mezani akatoka mbio mkono mdomoni. Kumbe sasa ameerevuka, anataka kuwaringia wenzake! Akamchagulia wakubwa wakubwa.

Sasa simu ya mama ilikuwa imezimwa. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, ibada imekwisha na mkutano unaendelea. Nderitu, mume wa Pauline, alichukua funguo za gari. Nderitu ni mtu wa kusimamisha gari ili kuku avuke barabara. Siku hiyo kuku walijitegemea.

Njiani Pauline alipiga simu hospitali kuomba ambulensi.

"Wagonjwa ni wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Madam, hiyo ni ajali ama ni harusi?"

Alikata simu akajaribu tena ya mama yake. Safari hii iliita.

"Mama! Wale chaza, bado hamjakula, sivyo?"

"Tumemariza kura saa hii tu!" Sauti ya mama ilijaa furaha. "Wote, hata koko Rosarine wa miaka tisini. Tukamshika mkono, kura yake ikaenda vizuri."

"Na pasta?" Pauline aliuliza.

"Aah, pasta hapana, kura ni ya akina mama. Yeye arikaa hapo mbere akiangaria kura isiwe mara mbiri."

"Mama, nisikilize. Midomo inawawasha? Vidole je?"

"Midomo? Watu wamenyamaza kabisa, hata inzi unamsikia. Rispah ndio anatokwa jasho mpaka kwa mikono. Ngoja, pasta anasimama..." Simu ikakatika.

Rispah, jirani na hasimu wa mama yake tangu ujana, alishaanza kutokwa jasho! Pauline alilia waziwazi. Alijilaumu kwa elimu yake yote, kwa kasha la barafu, kwa kutosubiri majibu ya maabara siku mbili tu. Akina mama wale walimbeba mgongoni akiwa mtoto. Walimchangia karo. Nderitu alizidi kukanyaga mafuta.

Walipofika kanisani, mlango ulikuwa wazi na kelele ndani zilisikika hadi barabarani. Wanawake wanne walitoka wakiwa wamembeba mtu juu juu, viatu vinaning'inia. Pauline alivitambua viatu. Akakaa chini kwenye nyasi.

"Mama!"

Mama Phelista aliinua kichwa, akawapigapiga wabebaji mabegani wamshushe. Alikuwa anacheka, kitambaa kimemwangukia jicho moja.

"Pauline! Nani amekuambia haraka hivi? Na mbona unaria?"

"Chaza, Mama! Wana sumu! Si mmekula wote?"

"Tukure ure ute?" Mama alimshangaa kwa dhati. "Turikwangua wote tukatupa chooni na vifuniko vyake, tukabaki na maganda. Tena tumeyaosha na sabuni."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani. Pasta alikuwa amesimama kando ya sanduku la mbao lenye tundu juu. Mezani palikuwa na maganda meupe katika mafungu mawili, moja kubwa, moja dogo, na Rispah alikuwa ameinama juu ya lile dogo, akihesabu kwa mara ya tatu.

"Ishirini na tisa zangu, kumi na tatu zake," mama alisema. "Mwaka jana arishinda uenyekiti kwa karatasi sitini, na sisi tuko watu arobaini na wawiri. Mwaka huu atoe ganda ra ziada, tuone bahari yake iko wapi hapa Ndaru."